Wayunani Kwenye Ukuta wa Ndiva

Usiku ule Mwalimu Senkondo aliponijia ndotoni, kitu cha kwanza nilichokitazama ni mkono wangu wa kulia, kwa sababu ndio uliotia sahihi. Nilikuwa kidato cha nne, mtu mzima wa kutosha kujua uongo ni nini. Mkuu wa shule aliniwekea karatasi mezani, imekwisha kuandikwa, ikisema kwamba Mwalimu Senkondo aliwaambia wanafunzi wake kuwa mvua haihitaji kuombewa. Maneno hayo yalisemwa kweli darasani, ila si yeye aliyeyasema. Niliyasema mimi. Mkuu wa shule hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliniambia tu, "Eliudi, ama ni yeye ama ni wewe. Chagua." Nikachagua. Ningeweza kukataa. Nimejitafutia visingizio miaka mingi na sikupata hata kimoja kinachosimama. Niliogopa kufukuzwa nikiwa nimebakiza miezi mitatu nifanye mtihani, basi, hakuna zaidi ya hapo.

Lazima nieleze kwanza mambo yalivyokuwa, ndipo ndoto yenyewe ieleweke.

Shule yetu ilikuwa huku huku Upare, juu mlimani, shule ya kanisa iliyojengwa kwa mawe, na baridi yake ilikuwa ya kulowesha madaftari. Mwalimu Senkondo alitufundisha historia. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na koti moja la kijivu ambalo mifuko yake ilijaa vipande vya chaki. Siku nyingine alifuata kitabu kama walimu wengine, lakini Ijumaa alikifunga. Ijumaa alitusimulia habari za Wayunani wa kale kabisa, wale wa mwanzo, waliokuwa wakiishi katika mji mmoja wa bandari na kuulizana: hivi vyote tunavyoviona, mawe, ng'ombe, mawingu, sisi wenyewe, vimetokana na kitu gani?

Hakutupa majina yao. "Majina mtayakariri," alisema, "na mkishayakariri mtadhani mmeelewa." Kwa hiyo sisi tuliwajua kwa hoja zao. Wa kwanza tulimwita Mzee wa Maji, kwa kuwa alisema asili ya vyote ni maji. Wa pili alikuwa mwanafunzi wake, naye alimkatalia: kama asili ni maji, alisema, moto ungepata wapi nafasi ya kuwaka? Asili lazima iwe kitu kisicho na mpaka. Huyo tukamwita Mzee Bila Mpaka. Wa tatu alikuwa mwanafunzi wa huyo wa pili, naye hakukubaliana na mwalimu wake. Huyo, Mzee wa Hewa, alisema ni hewa: ikikazwa inakuwa wingu, ikikazwa zaidi inakuwa maji, ikizidi inakuwa jiwe. Halafu baadaye, katika mji mwingine, akatokea Mzee wa Moto, mtu mkali asiyependa kukaa na wenzake, aliyesema kila kitu kinawaka na kupita, na kwamba huwezi kuingia mto ule ule mara mbili.

Jambo lililompendeza Mwalimu Senkondo si maji wala hewa. Lilikuwa lile la mwanafunzi kumpinga mwalimu wake mbele ya watu, na mwalimu asimchukie. "Hilo ndilo walilotuachia," alikuwa akisema. "Kuhusu maji na hewa walikosea wote."

Kwa hiyo alituwekea desturi. Kila Ijumaa mmoja wetu alipewa mzee mmoja na akavaa lile koti la kijivu. Ukishalivaa unaitetea hoja ya mzee wako mpaka mwisho, hata kama huiamini, na darasa zima linakushambulia. Kulikuwa na sharti moja tu, na Mwalimu alilirudia kila mara kabla hatujaanza: "Aliyevaa koti si yeye. Atakayoyasema humu, nje hayamfuati."

Mwaka ule mvua za masika hazikunyesha. Sisi watu wa milimani tunategemea ndiva, yaani bwawa la kuta za mawe na udongo ambalo babu zetu walilichimba. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani, kila ukoo kwa zamu yake. Mwaka ule ndiva ilikauka mpaka matope yakapasuka vipande. Kanisa likatangaza maombi ya mvua siku ya Jumapili, watu wote wakutane pale pale kwenye ndiva. Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo, zamu ya kuvaa koti ilikuwa yangu, na mzee wangu alikuwa Mzee wa Maji.

Walinishambulia vizuri. Mwenzetu mmoja, mcheshi, akasimama akasema, "Shikamoo Mzee wa Maji. Unasema kila kitu ni maji. Mbona mama yangu anatembea saa mbili kutafuta ndoo moja?"

Darasa likaangua kicheko. Nami damu ilikuwa imepanda, koti linanipa joto, nikasema, "Maji hayajapotea, kijana. Yamebadilisha sura tu. Yako hewani, yako ndani ya mawe haya unayoyakalia. Yatarudi kwa njia yake na kwa wakati wake. Mvua haihitaji kuombewa."

Kisha wakapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi namna ile, kabla wala baada. Mwalimu Senkondo hakupiga makofi na hakunikemea. Alikuwa amekaa dawati la nyuma, anatabasamu, kidole juu kama mwanafunzi anayeomba kusema. Kengele ikagonga. Akashusha kidole. "Tutaendelea Ijumaa ijayo," akasema.

Ijumaa ijayo haikuwapo. Jumapili watu waliomba mvua na mvua haikuja, na jioni yake maneno yangu yalikuwa yamefika kila nyumba. Hakuna aliyetaja jina langu. Walisema tu, "Darasani kwa Senkondo wanafundishwa kwamba mvua haiombewi." Wiki hiyo bodi ya shule ikakaa. Mimi niliwekwa mlangoni nisubiri kuulizwa, kwa hiyo nilisikia yote.

"Maneno haya yalisemwa darasani kwako?"

"Yalisemwa."

"Na nani?"

"Na Mzee wa Maji."

Walidhani anawadhihaki. Mjumbe mmoja akagonga meza. Angetaja jina langu angekuwa salama, lakini lile sharti lake aliliheshimu kuliko mkate wake. Ndipo mkuu wa shule akaitoa karatasi yangu na kuisoma kwa sauti, mpaka kwenye sahihi. Mwalimu aligeuka akanitazama pale mlangoni. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyehesabu vizuri na bado akapata jibu lenye kosa.

"Kama Eliudi ameandika hivyo," alisema, "sina la kuongeza."

Alifukuzwa, na hakuna shule nyingine iliyomchukua. Alirudi kwenye kiwanja cha mama yake, chini ya ndiva, akalima maharage na tangawizi. Mimi nilifanya mtihani, nikafaulu kidogo, na mkuu wa shule akanipa kazi ya ukarani hapo hapo shuleni. Kutoka ofisini kwangu hadi kwa Mwalimu ni mwendo wa dakika arobaini. Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Sikwenda hata siku moja. Mwaka wake wa mwisho, kifua kilipombana, alinitumia ujumbe kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza tangawizi getini. "Mwalimu Senkondo anasema, Ijumaa yuko nyumbani," yule mama aliniambia. "Anasema utaelewa." Nilielewa. Nikamwambia, "Mwambie nina kazi nyingi." Alipofariki, barua ya rambirambi ya shule niliipiga taipu mimi.

Sasa ndoto.

Nilijikuta ofisini, napiga taipu. Nje kulikuwa mchana lakini mwanga ulikuwa wa maji, unachezacheza ukutani. Karatasi niliyoiandikia ilikuwa imelowa, na kila herufi niliyoipiga ilichuruzika mpaka chini kabla sijapiga ya pili. Niliendelea kupiga. Nilijua kwamba barua ile inangojewa na kwamba nimechelewa nayo. Kisha nikasikia "Hodi" ya mtu asiyetaka kusumbua, na kabla sijaitikia alikuwa amesimama kando ya meza.

Alikuwa Mwalimu Senkondo, amevaa shati tu. Anatetemeka kwa baridi. Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa mkono wa kijana, laini, ilhali mwili uliobaki ulikuwa wa uzee wangu. Nikauficha chini ya meza.

Akageuka, akatoka, nami nikamfuata, na ule ukumbi wa ofisi ukawa njia ya migombani, na njia ya migombani ikawa inapanda, na tukawa tumefika kwenye ndiva.

Ndiva ni kavu. Matope yamepasuka kama yalivyopasuka mwaka ule. Juu ya ukuta wamekaa wazee wanne, wamejifunika mablanketi, miguuni wana mabuti ya mpira yenye udongo, majembe yamelala kando yao, kama wakulima wanaosubiri zamu ya maji alfajiri. Sijawahi kuwaona, wala hakuna ajuaye sura zao, lakini nawajua mmoja mmoja.

"Mmekaa kungoja maji kwenye shimo kavu," anasema Mzee wa Moto, ambaye amekaa mbali kidogo na wenzake. "Watu wazima na ndevu zenu."

"Mwache angoje," anasema Mzee wa Hewa, akimwelekeza Mzee wa Maji kwa kidevu. "Si ndiye huyu aliyekuwa anatembea anatazama nyota akatumbukia kisimani? Mpaka kijakazi akamcheka. Ya mbinguni unayajua, baba, ya chini ya mguu wako huyaoni."

"Nilitumbukia," Mzee wa Maji anakiri. "Sikatai. Na huko chini nilikuta nini?"

"Matope."

"Maji, mpumbavu wewe. Maji!"

Wanacheka wote. Mzee Bila Mpaka anampiga mwalimu wake gotini. "Mwalimu, tangu ujana wangu nakwambia si maji."

"Na tangu ujana wako nakusikia. Sogea kule, umenikalia blanketi."

Akasogea. Wakalitandaza upya, likawafunika wote wawili.

Siwezi kueleza wivu ulionishika. Nilisimama chini, kwenye matope, nikawatazama wale wazee wawili chini ya blanketi moja, mmoja aliyekosea na mwingine aliyemwambia amekosea, na nikajua kwamba hivyo ndivyo ningeweza kukaa na Mwalimu. Mwalimu Senkondo alikuwa tayari ameketi kwenye ukuta pamoja nao. Kando yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nilitaka kupanda. Miguu ilikuwa imezama kwenye nyufa, na kila nilipoinua mmoja ule mwingine ulizama zaidi.

Mzee Bila Mpaka ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu. Sikushangaa, maana ndiye aliyefundisha kwamba joto na baridi, kiangazi na masika, vinadhulumiana kisha vinaachiana nafasi, na wakati ndio unaosimamia zamu zao. Akasimama juu ya ukuta, akaangalia pande zote kana kwamba ndiva imejaa na watu wamejipanga.

"Zamu ya nani?"

"Ya Eliudi," alisema Mwalimu Senkondo. Ukiacha ile hodi, ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake katika ndoto ile, na ilikuwa na furaha. Hilo ndilo liliniumiza. Ilikuwa sauti ya Ijumaa.

"Eliudi, sema la kwako. Ukisema, maji yanafunguliwa."

Nikafungua kinywa. Nilichotaka kusema ni kwamba nilidanganya. Lakini kilichotoka kilikuwa sauti ya karani: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha kwamba..."

Nikaanza tena. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini..."

"La kwako," alisema Mzee wa Hewa, kwa upole.

"Mimi niliyetia sahihi..."

Kicheko kimekoma pale juu ya ukuta. Mzee wa Hewa akawageukia wenzake na kuwaambia, bila ubaya wowote, kama mtu anayetikisa gunia akakuta halina kitu, "Huyu hana la kwake."

"Naomba nirudi nyuma," nikasema. Hayo yalitoka. "Naomba nirudi Ijumaa ile tu, nianze tena."

Mzee wa Moto akanitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu wa jikoni. "Mto hauingiwi mara mbili," alisema. "Nawe hata ile mara moja hukuingia. Ulisimama kando ukamsukuma mwenzako."

Nilipofumbua macho, maana ndani ya ndoto nilikuwa nimeyafumba, sikuwa tena kwenye ndiva. Nilikuwa mlangoni kwa mama yake Mwalimu, nyumba ambayo sijawahi kuingia. Ndani kunanukia tangawizi. Yeye amelala kwenye kitanda cha kamba, kifua kinapanda na kushuka kwa shida, na kando ya kitanda kuna kiti kitupu, mgongoni mwa kiti limetundikwa koti la kijivu. Kiti kimefutwa vumbi. Nikaelewa kwamba kilikuwa kinafutwa kila wiki.

"Leo Ijumaa," alisema.

Nikapiga magoti. Miguu ilikubali sasa. Na maneno yale niliyoshindwa kuyatoa mbele ya wazee yakatoka yote, kwa machozi, kama mtoto. "Mwalimu, nilidanganya. Maneno yalikuwa yangu. Nilitia sahihi nikijua. Nisamehe."

Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyejibu swali jingine.

"Hilo lilikwisha siku ile ile, Eliudi. Nilikusamehe kabla hujatoka pale mlangoni. Sikukuita kwa ajili ya hilo."

"Uliniitia nini basi, Mwalimu?"

Alikohoa muda mrefu. Nilimshika bega, na bega lake lilikuwa na uzito wa mtu hai, nikasahau kwamba alikufa.

"Ulisema mvua haihitaji kuombewa. Nilikuwa na hoja ya kukupinga. Hoja nzuri. Niliipata pale pale, dawati la nyuma, kengele ikanikatiza." Akatabasamu. "Nilipokuwa nalima nilikuwa naitengeneza. Kila Ijumaa niliipanga upya, nikasema, leo akija hatakuwa na pa kutokea. Miaka tisa."

"Niambie," nikasema. "Nipo. Niambie sasa, nami nitakujibu."

Akafumba macho. Nilimwona akiitafuta. Midomo ilikuwa inatembea, kama mtu anayepapasa gizani mahali alipoweka kitu kwa mkono wake mwenyewe. Nilikaza masikio mpaka yakauma. Sijawahi kutaka kitu chochote maishani kama nilivyotaka sentensi ile moja.

"Imenitoka," alisema. "Nimekaa nayo mno peke yangu."

Nikaanza tena kuomba radhi. Nilisema nisamehe, nisamehe, sijui mara ngapi, mpaka akainua ule mkono wake uliokonda, kama anayenyamazisha darasa.

"Usiniletee majuto. Majuto hayana wa kuyapinga. Nitafanya nayo nini?"

Kisha akageukia ukutani, polepole, kama mtu aliyesubiri mgeni mpaka akachoka. Kile kifua kilipanda, kikashuka, na sikukiona kikipanda tena.

Niliamka nikiwa nimekaa kitandani. Mke wangu, Namsifu, alikuwa ameshika kiwiko changu.

"Baba Eliamini. Unalia."

"Nimeota."

"Umeota nini kinachomliza mzee wa umri wako?"

"Nimemwota Mwalimu Senkondo."

"Yule aliyefukuzwa kwa kumkufuru Mungu?" Akaachia kiwiko changu. "Mtu huyo anakutafutia nini? Tusali."

Tumeishi pamoja miaka arobaini na mmoja. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwambia. Alilelewa na wazazi waliokuwa kwenye maombi yale ya Jumapili, na alichokijua kuhusu Mwalimu ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi yangu. Watoto wetu nao aliwafundisha hivyo hivyo, nami nilikuwa nimekaa pale pale, nasikiliza, nakula.

"Hakumkufuru Mungu," nikasema. "Maneno yale yalikuwa yangu."

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Shamba letu la maharage lilikuwa linapakana na la mama yake," alisema mwishowe. "Nilikuwa msichana. Kila asubuhi alinisalimia, 'Hujambo Namsifu, umeamkaje?' Nami nilikuwa napita upande wa pili wa njia, sijibu. Nilifundishwa nisijibu. Kila asubuhi, Baba Eliamini. Na hakuacha kunisalimia."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingenioa ukaniacha nikae na dhambi hiyo bila kujua kwamba ni dhambi."

"Nisamehe, mama."

"Usiniambie mimi."

Alijifunga kanga, akaenda jikoni kuwasha moto, ingawa kulikuwa hakujapambazuka. Tangu asubuhi ile tunaongea. Tunaongea habari za chumvi, za kuku, za mjukuu anayeumwa meno. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani, mbele ya watu wote, akasema kwamba Mwalimu Senkondo alisingiziwa. Hakunitaja. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakamshukuru, wakaimba. Wengi wao hawajui Senkondo ni nani. Waliokuwa wakimchukia wamekwisha kufa, na hakuna aliyebaki wa kuona aibu isipokuwa sisi wawili.

Mchungaji kijana, aliyeelezwa yote na Namsifu kando, alinifuata baadaye akaniambia, "Mzee, ni vizuri umetubu, sasa pumzika." Nilimwitikia kwa kichwa. Nimewaitikia watu kwa kichwa maisha yangu yote. Kwenye ofisi ile niliwaitikia wakuu wa shule sita, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliandika kwamba mimi ni mtumishi mwaminifu asiye na matatizo.

Ujumbe alionipa Mwalimu nimeufikisha hapa kama alivyousema: majuto hayana wa kuyapinga. Sikuelewa siku ile nilipoamka. Sasa naelewa, na kuelewa hakunisaidii.

Zamani nilijua kwamba sahihi ile ilimgharimu yeye kazi yake na heshima yake, nikajiambia kwamba upande wangu ilinigharimu usingizi tu. Sivyo. Alikuwapo mtu mmoja duniani aliyeona kwamba nilichokisema kinastahili kupingwa. Aliningoja miaka tisa, mwendo wa dakika arobaini, na hoja yake mkononi, akafa nayo. Tangu nilipotia sahihi sikumpinga mtu, na hakuna aliyejisumbua kunipinga. Nina miaka sabini na mitatu. Katika miaka hiyo nimewaza jambo moja tu ambalo lilikuwa langu mwenyewe, na nilithibitisha kwa maandishi kwamba lilikuwa la mtu mwingine.